Kiti cha Balozi Kuro

Paukwa!

Pakawa!

Nani yuko macho?

Sisi sote!

Basi mkiwa macho, mnisaidie kazi moja. Nikisema "kiti", ninyi mtasema "kisipoe". Watoto na wakubwa pamoja. Kiti!

Kisipoe!

Wale wa nyuma sijawasikia. Kiti!

Kisipoe!

Vizuri. Shikeni neno hilo, tutalihitaji.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na wafalme, na wafalme walipokuwa na mabalozi, palikuwa na nchi mbili zilizopakana. Nchi ya kwanza ilikuwa mbuga. Mfalme wake alikuwa Nyati. Nchi ya pili ilikuwa ziwa. Malkia wake alikuwa Kiboko. Katikati palikuwa na ukuta wa mafunjo, na ukuta ulikuwa na mlango mmoja.

Watu wa mbuga walikuwa na ibada yao. Walisema mnyama wa kwanza alifinyangwa kwa vumbi. Kwa hiyo kila alfajiri walisimama, wakalitazama jua, wakapaka vumbi kwenye paji la uso. Pa! Pa! Pa! Aliyewaongoza alikuwa Ngiri. Ngiri alipiga magoti asubuhi, akapiga magoti mchana, akapiga magoti jioni. Wengine walisema anasali. Wengine walisema anakula nyasi. Mimi sikuwapo, siwezi kuamua.

Watu wa ziwa nao walikuwa na ibada yao. Walisema mnyama wa kwanza alitoka majini. Aliyetaka kuingia katika ibada hiyo alizama mara tatu mbele ya wote. Chubwi! Chubwi! Chubwi! Akiibuka mara ya tatu, amekuwa wao.

Watu wa mbuga waliwaogopa watu wa ziwa. Watu wa ziwa waliwaogopa watu wa mbuga. Mvua ilipokuwa ikinyesha, hofu hiyo haikumdhuru mtu. Kila mmoja alikunywa kwake.

Mwaka mmoja mvua haikunyesha.

Visima vya mbuga vilikauka. Kwanza kimoja, halafu cha pili, halafu vyote. Ng'a! Ng'a! Ng'a! Ardhi ikapasuka. Mfalme Nyati akaita baraza.

"Ziwani kuna maji," akasema. "Nani ataenda kutuombea mlango ufunguliwe?"

Wakatazamana. Simba akatazama kucha zake. Twiga akatazama mbali, kama kawaida yake.

"Nitaenda mimi," akasema Kuro.

Mnamjua Kuro? Ni swala mkubwa, mwenye pembe zilizopinda kwenda mbele. Manyoya yake yana mafuta. Maji yakimwagika juu yake huteleza. Na vumbi, ole wake, huteleza pia. Kila alfajiri Kuro alipaka vumbi kama wenzake, na kila alfajiri vumbi lilianguka kabla jua halijapanda. Ngiri alikuwa amekwisha kuliona jambo hilo.

"Mtukufu," Ngiri akamnong'oneza Mfalme, "unamtuma huyu? Vumbi halimshiki."

"Nilikua naye," akasema Nyati. "Tulicheza pamoja tukiwa hatuna pembe. Namwamini."

"Mimi nimesema tu, Mtukufu. Nimesema nikanyamaza."

Hakunyamaza. Lakini tuendelee.

Kuro akachota vumbi la nyumbani, akalitia kwenye kibuyu kidogo, akakifunga shingoni. Mama Pundamilia akamsindikiza mpaka mwisho wa njia. Mtoto wake alikuwa ubavuni mwake, miguu ikimtetemeka.

"Balozi," akasema Mama Pundamilia, "huyu hajawahi kuyaona maji yaliyojaa. Anafikiri maji ni matope."

"Nitarudi na maji," akasema Kuro. "Shika neno langu."

"Nimelishika, baba."

Kuro akaenda. Kwata, kwata, kwata.

Kule ziwani, Malkia Kiboko alimpokea vizuri. Akamwonyesha duara la udongo mweupe ukingoni.

"Hicho ndicho kiti cha wageni wanaokuja na ombi," akasema. "Kila jioni tunakipaka udongo mbichi. Wewe unakaa. Unaweza kusimama ukanyoosha miguu, unaweza kula nyasi za karibu, lakini kiti kisipoe. Jua likuone umekaa hapo mara saba. La saba likichomoza, naja mimi mwenyewe na kuweka kidevu changu juu ya kiti. Kikiwa na joto, mlango unafunguliwa mpaka mvua zirudi. Kikiwa kimepoa, mazungumzo yamekufa, wala hatuyafufui."

"Kwa nini mnafanya hivyo, Bibi?"

"Wageni wengi huja na maneno asubuhi, jioni wameyasahau. Sisi tunataka kumwona anayeweza kukaa."

Kuro akakaa.

Jua la kwanza likachomoza. Kiti!

Kisipoe!

Kuro akafungua kibuyu, akapaka vumbi la nyumbani kwenye paji la uso. Likaanguka. Akapaka tena.

Jua la pili likachomoza. Kiti!

Kisipoe!

Akapaka vumbi. Likaanguka. Akapaka tena.

Siku ya tatu akaja Mamba, msimamizi wa ibada ya ziwa. Alitoa pua tu nje ya maji.

"Balozi," akasema, "kwa nini uteseke na udongo? Zama mara tatu hapa, mbele yetu. Chubwi, chubwi, chubwi, basi. Mlango nitakufungulia leo hii, kabla ya chakula cha mchana."

"Chakula chako au changu?" akauliza Kuro.

Viboko wakacheka mpaka maji yakafanya mawimbi. Mamba hakucheka.

"Nakuuliza kwa heri, balozi."

"Na mimi nakujibu kwa heri, mzee. Mimi ni mtu wa vumbi. Nimekuja kuomba maji. Sikuja kubadili ibada."

Mamba akaingiza pua ndani. Malkia Kiboko alisikia yote. Siku hiyo alimletea Kuro nyasi laini za ukingoni kwa mdomo wake mwenyewe.

Jua la nne. Kiti!

Kisipoe!

Jua la tano. Kiti!

Kisipoe!

Siku hiyo ya tano akapita Mbayuwayu. Mbayuwayu ndiye aliyekuwa mpelekaji habari wa nchi zote mbili. Ana mbio, lakini ana desturi yake: hatui. Anasema huku akiruka. Anakupitia kichwani, anaacha neno. Anazunguka, anakupitia tena, anaacha jingine. Vyuu! Vyuu! Vyuu! Anayetaka habari yake nzima lazima anyamaze mpaka amalize kuzunguka.

"Mwambie Mfalme hivi," akasema Kuro. "Nimezama kazini. Keshokutwa nitarudi na maji."

"Nimezama kazini, keshokutwa nitarudi na maji," akasema Mbayuwayu. Vyuu! Akaenda.

Maneno sita, yote ya kweli. Lakini sikilizeni yalivyofika.

Baraza lilikuwa limekaa mbugani. Kiu imewashika, hasira iko karibu. Mbayuwayu akatokea.

Vyuu! "Kuro anasema: nimezama—"

"Amezama!" akapiga kelele Ngiri.

"Amezama?" "Amezama!" "Mungu wangu, amezama!" Baraza zima likasimama. Kwato zikapiga chini, vumbi likapanda.

Vyuu! Mbayuwayu akapita tena, akasema neno. Hakuna aliyelisikia.

Vyuu! "—keshokutwa—"

"Keshokutwa anamalizia!" akasema Ngiri. "Wao huzama mara tatu!"

Vyuu! "—maji!"

Na Mbayuwayu akaenda zake. Alikuwa na habari nyingine za kupeleka, kwa watu wengine.

Mfalme Nyati akabaki amesimama. "Mwiteni arudi," akasema. "Nataka kusikia tena."

"Mtukufu, nani atamkamata Mbayuwayu?" akasema Ngiri. "Na usikie nini tena? Masikio haya yote yamesikia. Amezama. Keshokutwa. Majini. Mimi nilisema vumbi halimshiki. Nikaambiwa mmecheza pamoja."

Nyati akamtazama Ngiri. Akalitazama baraza. Baraza lilikuwa likimtazama yeye. Mfalme anayetazamwa hivyo na watu wenye kiu huwa hafikiri sana.

"Nyumbu," akasema. "Nenda ukamrudishe Kuro. Aje leo. Aje sasa. Asiage."

Nyumbu akakimbia. Alifika ziwani siku ya sita, jua likiwa linashuka. Viboko walikuwa wametoka tu kupaka udongo mbichi, na Kuro amekaa juu yake.

"Mfalme anasema urudi," akasema Nyumbu, akihema. "Leo. Sasa. Usiage."

Kuro hakuelewa. "Kesho asubuhi ni jua la saba. Nikae hilo moja tu, kisha tunarudi pamoja, na mlango uko wazi. Mwambie hivyo."

"Mimi nimeambiwa nikurudishe. Sikuambiwa nikusikilize."

"Nimekosa nini?"

"Wanasema umezama."

Malkia Kiboko alikuwa karibu, macho na masikio juu ya maji. Akatoka mpaka ukingoni.

"Kaa, balozi," akasema. "Jua moja tu."

"Bibi, nikikaa, nakaa kwa niaba ya nani? Aliyenituma ameniita. Kesho ukiniuliza mimi ni nani, nitakujibu nini? Utamfungulia mlango mtu asiye balozi wa yeyote."



Kuro akamgeukia Nyumbu. "Ndugu yangu, basi kaa wewe. Mimi naenda kwa Mfalme, wewe unashika kiti mpaka asubuhi. Kukaa tu. Kiti kisipoe."

Nyumbu akakitazama kiti. Akaona udongo mbichi na maji yanang'aa juu yake. Akarudi hatua mbili nyuma.

"Mimi? Nikae humo? Halafu na mimi waseme nimezama? Kuro, mimi nina watoto."

"Na wale watoto wengine?"

Nyumbu akatazama chini. Hakujibu. Mpaka leo ukimwona Nyumbu anatikisa kichwa peke yake, wapo wanaosema anajibu swali hilo. Fisi ndiye aliyenieleza, na mimi simtegemei sana Fisi.

Kuro akainuka. Udongo mbichi ulimganda nyuma, duara zima, jeupe. Hakulijua. Akainamisha kichwa kwa Malkia, ingawa aliambiwa asiage.

"Kiti hiki alikikuta bibi yangu," akasema Malkia. "Sheria yake si yangu peke yangu, niivunje. Laiti ungekuja mwaka wa mvua, balozi. Ungekuja kutembea tu."

Wakaondoka. Jua la saba lilichomoza. Kiti!

Kisipoe!

Ndiyo, mmesema. Lakini Kuro alikuwa njiani. Jua halikumwona juu ya kiti. Lilimwona amesimama kwenye njia ya mbuga, anatikisa kibuyu, anatafuta chembe ya mwisho ya vumbi apake kwenye paji la uso. Akapaka. Likaanguka.

Alipofika, baraza lilikuwa linamngoja. Akapita katikati yao kwenda mbele ya Mfalme. Waliokuwa nyuma yake ndio walioona kwanza.

"Alama!" akapiga kelele mmoja.

"Ana alama! Nyuma! Tazameni nyuma!"

"Nyeupe! Duara! Ni ya kwao ile!"

Ngiri akamzunguka, akachunguza, akapiga magoti ili aone vizuri. "Mtukufu," akasema, "wamempiga muhuri."

"Ni udongo wa kiti," akasema Kuro.

"Na kibuyu? Fungueni kibuyu!"

Wakakifungua, wakakigeuza. Hakikutoka kitu.

"Vumbi la nyumbani amelitupa!"

"Nimelimaliza," akasema Kuro. "Kila alfajiri nilipaka mara mbili. Halinishiki, mnajua. Kwa hiyo lilikwisha upesi."

Nyati akasogea mbele. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Kuro. Niambie mimi. Umezama?"

"Jibu neno moja!" akasema Ngiri. "Ndiyo au la!"

"Mfalme," akasema Kuro, "nilituma maneno sita. Naona lilifika moja. Mwiteni Mbayuwayu."

Walimngoja Mbayuwayu siku mbili. Siku ya pili alipita, wakampungia, wakamnyooshea unyasi mrefu uliokauka. Akatua. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutua mbele ya baraza, na hakupendezwa.

"Sema ulichotumwa na Kuro," akasema Nyati. "Polepole. Chote."

"Nimezama kazini. Keshokutwa nitarudi na maji."

Baraza likanyamaza. Sssss. Ungesikia nzi.

"Kazini," akasema Nyati.

"Kazini," akasema Mbayuwayu.

"Kwa nini hukusema hivyo siku ile?"

"Nilisema, Mtukufu. Nilipita nikalisema. Mlikuwa mnapiga kelele."

Nyati akamgeukia Kuro. "Rudi! Rudi sasa hivi! Kimbia!"

Kuro hakusema "sasa umechelewa". Hakusema "nilikwambia". Alikimbia. Kwata-kwata-kwata-kwata! Alikimbia mchana kutwa bila kusimama. Akafika kwenye mafunjo. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba tatu. Kwenye mwanya mdogo akaona kiti. Udongo ulikuwa umekauka na kupasuka, vipande vinne.

"Bibi!" akaita. "Bibi Kiboko!"

Malkia akaja upande wa pili. Hawakuonana, walisikilizana tu.

"Niliweka kidevu asubuhi ile," akasema Malkia. "Niliweka mara mbili, balozi. Nilisema labda nimekosea. Kilikuwa kimepoa."

"Niruhusu nianze upya. Siku saba nyingine."

"Mimi ningekuruhusu. Lakini watu wangu wanasema: mfalme aliyemwita balozi wake kwa neno moja leo, kesho atalivunja agano kwa neno jingine. Na mimi niwajibu nini?"

Kuro akageuka, akarudi mbugani.

Watu wa mbuga wakaondoka kwenda kutafuta mto wa mbali, mwendo wa siku nne. Waliotoka walikuwa wengi. Waliofika walikuwa wachache. Ngiri alipiga magoti akichimba vumbi kutafuta unyevu, na safari hii hakuna aliyeuliza kama anasali. Mfalme Nyati alitembea nyuma ya wote, akiwainua walioanguka. Wanasema njia nzima alikuwa akirudia jambo moja: "Ningemngoja azunguke mara moja tu. Mara moja."

Mama Pundamilia alifika mtoni. Alifika peke yake.

Kuro alikuwa amesimama kwenye maji ya ukingoni. Mama Pundamilia akaja akasimama karibu naye.

"Balozi," akasema, "ulisema utarudi na maji."

"Nilisema, mama."

Angeweza kumweleza habari ya Mbayuwayu, na ya Ngiri, na ya Nyumbu, na ya jua la saba. Yote yalikuwa kweli. Hakumweleza. Mama Pundamilia akatazama nyuma yake.

"Na hicho ulichobeba huko nyuma ni nini?"

"Kiti."

"Hukukiacha huko?"

"Nimekiosha, mama. Hakitoki."

Mvua zilirudi. Nyati alimwita Kuro mbele ya watu wote, akasema, "Nilikosa," akamwomba arudi kukaa karibu naye. Kuro akamshukuru, lakini hakurudi. Mbugani kila alipopita wapo walioitazama ile alama, wakanong'ona, hata baada ya kuambiwa ukweli. Ziwani alikuwa balozi aliyeitwa. Kwa hiyo alikwenda kuishi katikati, kando ya mafunjo, mahali ambapo vumbi linakutana na maji. Yuko huko mpaka leo. Ukimshtua atakimbia, na utaliona lile duara jeupe nyuma yake. Hicho ni kiti. Bado anakibeba.

Kiti!

Kisipoe!

Hapana, wanangu. Kimepoa. Siku nyingi sana.

Fundisho lake ni hili, nalisema wazi ili asiwepo wa kusingizia kelele: ukiletewa habari ya mtu, ngoja ifike mwisho kabla hujamhukumu. Na ukimtuma mtu kwa sababu unamwamini, usimwite arudi kwa neno moja ulilolisikia nusu, maana unaweza kumrudisha yeye, na usiweze kukirudisha alichokuwa amekikalia.

Hadithi yangu imeishia hapo, kando ya mafunjo. Atakayeipeleka nyumbani aipeleke nzima, asiiangushe vipande njiani.